Prizi Inayojikata: Umeme wa Nyumbani Katika Lubunga na Historia Yake

Prizi, yaani tundu la ukutani la kuchomekea vyombo vya umeme, inapokata umeme kila mara chombo kinapowashwa, hitilafu hiyo huhesabiwa kuwa jambo dogo la fundi na bisibisi yake. Katika Lubunga, komini pekee kati ya sita za mji wa Kisangani iliyoko ukingo wa kushoto wa Mto Kongo, kuichunguza nyumba peke yake hakutoshi kuieleza. Nyaya zilizomo ukutani zilichaguliwa kwa mahitaji ya zama nyingine, mtambo unaozisukumia umeme ulijengwa kwa ajili ya mji mdogo kuliko huu wa leo, mto mpana umelala kati ya mtambo na mlaji, na vita pamoja na ufukara wa mashirika ya umma vimeacha alama katika kila kiungo cha njia hiyo. Anayetaka kujua kwa nini prizi ya Lubunga inajikata hana budi kuuliza umeme huo ulifikaje pale, ulikusudiwa kufanya kazi gani, na ni nani aliyeachiwa kuutunza.

Lubunga ni mtoto wa reli. Kituo ambacho msafiri Henry Morton Stanley alikiweka penye maporomoko mwaka 1883, na ambacho mfanyabiashara Tippu Tip alikuja kukitawala kuanzia mwaka 1887 kama gavana aliyewekwa na Dola Huru ya Kongo, kilisimama mahali ambapo meli zitokazo Kinshasa haziwezi tena kuendelea, kwa kuwa juu yake mto unavunjwa na maporomoko saba yaitwayo leo Boyoma. Kampuni ya reli ya Maziwa Makuu, iliyojulikana kwa herufi CFL na iliyoundwa mwaka 1902, ilijenga njia ya kilomita 125 kuyazunguka maporomoko hayo hadi Ponthierville, ambayo sasa ni Ubundu, na kazi ikakamilika mwaka 1906. Stesheni iliwekwa ukingo wa kushoto. Ofisi za serikali na nyumba kubwa za biashara zilikaa ukingo wa kulia, katika eneo la Makiso ya leo. Tangu mwanzo, basi, ukingo mmoja ulikuwa wa amri na fedha, na mwingine ulikuwa wa mizigo, karakana na wafanyakazi. Mgawanyo huo uliwekwa kabla umeme haujafika, na umeme ulipofika uliufuata.

Umeme wa kiasi kikubwa ulipatikana Stanleyville, kama mji ulivyoitwa hadi mwaka 1966, wakati wa Mpango wa Miaka Kumi ambao utawala wa Ubelgiji uliutekeleza kati ya mwaka 1949 na 1959. Mtambo wa maji ulijengwa kwenye Mto Tshopo, kaskazini mwa mji, na ukaanza kazi mwaka 1955. Ukiwa na mashine zake zote tatu, uwezo wake haufiki megawati 20. Mtambo huo uko ukingo wa kulia. Hakuna daraja juu ya Mto Kongo hapo Kisangani, watu na bidhaa huvuka kwa kivuko na kwa mitumbwi, na umeme nao hauna budi kuvuka maji hayohayo ili uifikie Lubunga, na kupita katika kabini kadhaa, yaani vibanda vya transfoma vinavyopunguza volti zake kwa matumizi ya nyumbani. Mlaji wa Lubunga kwa hiyo yuko mwisho wa njia, na katika mfumo wowote wa umeme aliye mwisho wa njia ndiye wa kwanza kuonja upungufu.

Katika miaka hiyohiyo shirika la serikali lililoitwa Ofisi ya Miji ya Waafrika, lililoundwa mwaka 1952, lilikuwa likijenga nyumba katika miji mikubwa ya koloni, Stanleyville ikiwemo. Nyumba ya mfanyakazi ya zama hizo, pale ilipopewa umeme, ilipewa wa taa, na pengine wa pasi au redio. Waya wa shaba wenye unene wa milimita mraba 1.5 ulitosha kabisa kwa kazi hiyo. Kanuni ya Kibelgiji iliyorithiwa na mafundi wa Kongo huutengea waya huo fyuzi ya ampea 10, na waya wa milimita mraba 2.5, ambao ndio wa prizi, huupa fyuzi ya ampea 16. Ampea ni kipimo cha wingi wa umeme unaopita, na fyuzi ni kipande cha waya mwembamba kinachokusudiwa kuyeyuka kabla nyaya za ukutani hazijaungua. Prizi zenyewe zilikuwa za Kibelgiji, zenye pini ya chuma inayochomoza kutoka ndani ya tundu, na pini hiyo ni njia ya ardhi, yaani njia ambayo umeme uliopotea hupitia kwenda udongoni badala ya kupitia mwili wa mtu. Pini ya aina hiyo bado inaonekana katika nyumba nyingi za Kisangani. Inapokuwa haikuunganishwa na waya wowote nyuma yake, humdanganya anayeitazama kwamba analindwa.

Hesabu ndogo inaonyesha umbali uliopo kati ya nyumba hiyo na jiko la leo. Kwa umeme wa volti 220, resho moja ya kupikia yenye wati 2,000 huvuta ampea 9 hivi, na pasi ya wati 1,000 huongeza nyingine 4.5. Vyombo hivyo viwili, vikiwashwa pamoja kwenye njia iliyofungwa kwa ajili ya taa, huivusha ampea 10 zake na kufika karibu ampea 14, bila chombo chochote kuwa kibovu na bila fundi yeyote wa mwanzo kuwa amekosea. Prizi ya namna hiyo inajikata kwa sababu nyumba inatakiwa kubeba maisha ambayo haikufungiwa nyaya kuyabeba.

Chombo kinachokata umeme kina historia yake, na inafaa kuelezwa kwa kuwa mafundi huisoma hitilafu kwa kutazama namna kinavyokata. Fyuzi ni ya zamani zaidi. Thomas Edison aliipatia hataza, yaani haki ya uvumbuzi, nchini Marekani mwaka 1880. Kasoro yake ni kwamba ikiungua lazima ibadilishwe, na mwenye nyumba asiyekuwa na nyingine hushawishika kuweka chochote kinachopitisha umeme. Mwaka 1924 kampuni ya Hugo Stotz, katika mji wa Mannheim nchini Ujerumani, ilipata hataza ya kikata-umeme kidogo kilichoweza kufungwa mahali pa fyuzi na kurudishwa kwa kidole baada ya kukata. Ndani ya chombo hicho, ambacho Kisangani hujulikana kwa jina lake la Kifaransa, dijonkteri, mna walinzi wawili. Wa kwanza ni ukanda wa metali mbili zilizogandamizwa pamoja, ambazo hupanuka kwa viwango tofauti zinapopata joto, hivyo ukanda hupinda polepole na kufyatua kitasa mzigo unapozidi kwa muda mrefu. Wa pili ni koili ya sumaku, ambayo hufyatua papo hapo umeme unapopita kwa wingi wa ghafla, na katika vikata-umeme vya kawaida vya nyumbani wingi huo huanzia mara tatu hadi kumi ya kiwango kilichoandikwa juu ya chombo.

Kutokana na walinzi hao wawili, muda ndio ushahidi wa kwanza. Umeme ukikatika mara tu plagi inapoingizwa, shutuma huangukia shoti, yaani kugusana kwa waya wa moto na waya wa kurudishia, iwe ndani ya chombo, ndani ya waya wake au nyuma ya prizi yenyewe. Ukikatika baada ya robo saa au zaidi, mzigo umezidi, au kiungo kilicholegea ndani ya kisanduku cha vikata-umeme kinatoa joto linaloufikia ukanda wa metali na kuudanganya. Fundi mwenye nidhamu huanza kwa kuchomoa kila kitu, kisha hurudisha umeme. Ukibaki, nyaya za ukutani zimeondolewa lawama kwa sehemu kubwa, na vyombo hurudishwa kimoja kimoja mpaka mkosaji ajulikane. Ukikatika hata prizi zikiwa tupu, upekuzi huhamia ukutani na darini.

Kabla ya vipimo vya bei nafuu kuenea, mafundi wa sehemu nyingi za Afrika walitumia balbu ya nyuzi iliyofungwa kwa mfululizo mahali pa fyuzi, na njia hiyo inastahili heshima kuliko inayopewa. Balbu ikiwaka kwa nguvu zake zote huku vyombo vya joto vikiwa vimechomolewa, kuna shoti mbele yake. Ikiwaka kwa unyonge, kuna chombo kinachovuta kiasi chake cha haki. Isipowaka, njia imekatika au haina mzigo. Balbu huzuia umeme usizidi kiasi chake yenyewe, na kwa hiyo fundi anaweza kuitafuta shoti kwa utulivu, akitenganisha kiungo kimoja baada ya kingine, bila kuiunguza fyuzi ya mwenye nyumba kila mara.

Mahali pana neno lake katika upekuzi huo. Kisangani iko karibu nusu digrii kaskazini ya ikweta, hupata mvua zaidi ya milimita 1,700 kwa mwaka, na hakuna mwezi unaopita bila mvua. Maji yanayopenya bati bovu hushuka ndani ya ukuta wa matofali hadi kwenye kisanduku cha prizi, na panya na mchwa hutafuta njia zao palepale zilipopita nyaya. Prizi inayojikata usiku wa mvua na kupona jua likiwaka haijapona. Ganda la waya, ambalo ndilo linalouzuia umeme usitoke, limepasuka mahali fulani, na unyevu unaujengea umeme daraja.

Sababu hizo zinaweza kupatikana Mombasa au Bukavu vilevile. Upekee wa Kisangani unaonekana zaidi katika mtandao wenyewe, na hapa historia ya nchi inaingia moja kwa moja ndani ya nyumba. Regideso, shirika lililoundwa mwaka 1939 kugawa maji na umeme mijini, lilifuatiwa katika kazi ya umeme na SNEL, shirika la taifa lililoundwa mwaka 1970. SNEL ilizaliwa wakati macho ya serikali yalikuwa yameelekezwa Inga, karibu na mdomo wa mto: mtambo wa kwanza wa Inga ulifunguliwa mwaka 1972, wa pili mwaka 1982, na laini ya kilomita 1,700 hivi ikavutwa kuupeleka umeme huo hadi migodi ya shaba ya jimbo la Shaba, kama Katanga ilivyoitwa wakati huo. Fedha za kizazi kizima na deni la nchi vilikwenda huko. Kisangani haikuunganishwa na Inga. Iliendelea kutegemea mashine za Tshopo, na mashine zisizo na mbadala zina tabia moja ya kikatili, kwamba kila moja inaposimama kwa matengenezo mji mzima hupungukiwa, na kwa hiyo matengenezo huahirishwa hadi mashine isimame yenyewe.

Vita viliongeza mzigo wake. Mji ulipita katika uasi wa mwaka 1964, maasi ya wanajeshi ya 1966 na 1967, kisha vita vilivyoanza mwaka 1996, na mwezi wa Juni mwaka 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana kwa siku sita katikati ya Kisangani kwa silaha nzito. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa mwaka 2010 inakadiria kwamba raia waliouawa katika siku hizo ni kati ya 244 na 760. Mji ulikosa umeme na maji katika siku hizo. Kuutaja mtandao wa umeme mbele ya vifo hivyo kunaweza kuonekana ni ubaridi wa moyo, ila hospitali zilihitaji umeme huo kwa ajili ya majeruhi walewale.

Matokeo ya historia hiyo yanaingia katika prizi kwa jina la volti. Laini inayolisha nyumba nyingi kuliko ilivyokusudiwa hupoteza nguvu njiani, na jioni, wakati kila nyumba inapowasha, volti 220 zinaweza kushuka hadi 150 au chini ya hapo kwa aliye mwisho wa njia. Resho na pasi huvumilia hali hiyo, kwa kuwa ni vyombo vya joto tu: volti zikishuka huvuta umeme mdogo zaidi na kupika polepole. Friji ina mota, na nguvu ya mota ya kuanza kuzunguka hupungua kwa mraba wa volti, kiasi kwamba kwa volti 150 hubaki chini ya nusu ya ile ya volti 220. Mota hukwama, na mota iliyokwama huvuta umeme mara kadhaa kuliko inayozunguka. Hunguruma, hupata moto, na baada ya muda mfupi kikata-umeme, au kinga ya friji yenyewe ikiwa inayo, hufyatuka. Fundi anayekuja asubuhi, volti zikiwa zimepanda, huikuta friji nzima, prizi nzima na nyaya nzima, naye huondoka akiamini kwamba mwenye nyumba ameota. Swali la kwanza la kuulizwa Lubunga kuhusu prizi ya friji ni saa ya kujikata kwake.

Delestaji, yaani mgao wa umeme kwa zamu, huleta hitilafu nyingine. Umeme unaporudi baada ya saa nyingi, friji, feni na pampu za mtaa mzima, ambazo hazikuzimwa, hujaribu kuanza kwa wakati mmoja, na kikata-umeme ambacho hakijawahi kulalamika mchana hufyatuka katika dakika hiyo moja. Hatari kubwa zaidi ni kukatika kwa waya wa kurudishia kwenye laini ya mtaa. Mtandao wa mitaa una nyaya tatu za moto zenye volti 380 kati ya moja na nyingine, na waya wa nne wa pamoja unaozigawia nyumba volti 220. Waya huo ukikatika au ukilegea, volti hugawanyika ovyo kati ya nyumba na nyumba, mmoja akipata chini ya 100 na jirani yake akipata zaidi ya 300. Kuchomoa vyombo mara umeme unapokatika, na kungoja kidogo baada ya kurudi kwake, ni desturi ya busara iliyozaliwa na mtandao wa namna hiyo.

Penye umeme wa shida, kikata-umeme kinachokata umeme uliopatikana kwa bahati huonekana kuwa adui. Hapo ndipo ilipozaliwa desturi mbaya kuliko zote katika kazi hii: kuweka uzi wa shaba uliokunjwa mara kadhaa mahali pa fyuzi, au kuondoa kikata-umeme cha ampea 10 na kufunga cha 32 bila kubadilisha waya. Malipo ya mkupuo kwa wateja wasio na mita, ambayo yamekuwa ya kawaida katika miji mingi ya Kongo, yaliichochea, kwa kuwa anayelipa kiasi kilekile hana sababu ya kuzima resho. Baada ya hapo prizi haijikati tena, na mwenye nyumba hufurahi. Umeme uleule uliokuwa ukimfyatua mlinzi sasa unapita katika waya wa milimita mraba 1.5 usiku kucha. Ganda la waya hulainika, kisha hukauka na kupasuka, prizi hugeuka rangi ya kahawia, plagi huwa ya moto mkononi, na moto huanzia darini ambako hakuna macho. Fundi anayefanya hivyo kwa kuombwa anakosa, na mwenye nyumba anayemwomba anakosa pamoja naye, lakini kosa la tatu ni la waliouacha mtandao ukafika hali ya kuwafanya watu wauone ulinzi kuwa anasa.

Hata kikata-umeme kilicho kizima hakimlindi mtu na mshtuko. Miliampea 30, yaani sehemu tatu za mia za ampea, zikipita kifuani kwa muda zinatosha kuua, na kikata-umeme cha ampea 16 hakitambui kiasi hicho, kilicho chini yake kwa zaidi ya mara 500. Chombo kilichoziba pengo hilo kilipata msukumo mkubwa barani Afrika. Katika miaka ya 1950 mhandisi Henri Rubin wa Afrika Kusini, akishughulika na hatari za umeme katika migodi ya dhahabu, alitengeneza kifaa kinacholinganisha umeme unaokwenda na unaorudi na kukata pale tofauti inapoonekana. Kufuatia kifo cha mwanamke aliyeuawa na umeme nyumbani katika kijiji cha mgodi cha Stilfontein, vifaa vya miliampea 20 vilifungwa katika nyumba mia kadhaa za kijiji hicho mwaka 1957 na 1958. Huko Austria, Gottfried Biegelmeier alikuwa akifanya kazi iliyofanana katika muongo huohuo. Kanuni za Ubelgiji za mwaka 1981 zilikilazimisha kifaa hicho majumbani, lakini kufikia wakati huo nyumba za Kongo hazikuwa tena chini ya kanuni za Brussels.

Kifaa hicho, kinachoitwa diferansieli, kinapofungwa katika nyumba ya zamani ya Lubunga mara nyingi hukata siku hiyohiyo, na muuzaji hulaumiwa kwa kuuza kitu kibovu. Kwa kawaida kimeona uvujaji uliokuwapo miaka mingi, kwenye ukuta wenye unyevu, kwenye koili ya resho iliyopasuka, au mahali ambapo fundi wa zamani aliazima waya wa kurudishia wa njia nyingine. Pasipo waya wa ardhi diferansieli bado inafanya kazi, ila hungoja mpaka mtu aguse bati lenye umeme ndipo ikate. Penye ardhi nzuri hukata kabla ya mtu kugusa. Fimbo ya chuma iliyopigwa katika udongo wa Lubunga, ambao haukauki kwa muda mrefu, hupata ardhi kwa urahisi kuliko katika nchi kavu, na ni jambo la kusikitisha kwamba kinga rahisi namna hiyo imeachwa nje ya nyumba nyingi.

Sheria ya tarehe 17 Juni 2014 iliufungua uzalishaji na ugawaji wa umeme kwa makampuni mengine mbali na SNEL, na bei ya paneli za jua ikashuka kiasi cha kuziingiza katika nyumba ambazo laini haijawahi kuzifikia. Paneli na betri zimeleta kosa jipya linalowahusu mafundi moja kwa moja. Umeme wa laini ni mkondo geu, unaobadili mwelekeo na kupita kwenye sifuri mara 100 kwa sekunde, na kikata-umeme cha kawaida hutegemea sifuri hiyo kuuzima mwali unaoruka kati ya vyuma vyake vinapoachana. Umeme wa paneli na betri ni mkondo mnyoofu, usiopita sifuri kamwe, na kikata-umeme cha mkondo geu kikifungwa kwenye nyaya za paneli kinaweza kufyatuka kama kawaida huku mwali ukiendelea kuwaka ndani yake hadi plastiki iyeyuke. Vikata-umeme vya mkondo mnyoofu vipo, vimeandikwa herufi DC, na vingine vina alama za chanya na hasi ambazo fundi akizigeuza huondoa ulinzi wote.